Chupa na Kilichomo: Wiski, Chang'aa na Historia ya Ukenekaji katika Nchi ya Wagusii

Utangulizi

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia katika nyumba za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, chupa ya kioo haijapewa nafasi inayoistahili katika maandishi ya historia. Bunduki, reli, cherehani na kitabu vimekwisha kujadiliwa kwa mapana. Chupa imeachwa pembeni mwa jiko, imejaa mafuta ya taa au asali, kana kwamba haina habari ya kusimulia. Katika nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira za leo, chupa kuukuu ya wiski si kitu cha kushangaza. Ni nzito mkononi, kioo chake kina rangi ya kijani au ya kahawia, na aghalabu mwenye nayo hakupata kuonja kile kilichokuwa ndani yake hapo mwanzo.

Makala haya yanakusudia kuitumia chupa hiyo kama ufunguo wa kufungulia historia mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali: historia ya wiski ya Scotland na historia ya chang'aa ya Gusii. Vinywaji hivi viwili hutokana na kazi moja, ambayo Kiswahili huiita kukeneka, maana yake kuchemsha kileo, kuukamata mvuke wake na kuupoza hadi urudi kuwa majimaji. Hata hivyo kimoja hukaa katika kabati la bwana mkubwa, na kingine humwagwa na askari mbele ya umati. Dai letu ni kwamba tofauti hiyo ilitokana na sheria zaidi ya ilivyotokana na moto na chungu, kwamba alama ya sheria hiyo ilikuwa chupa, na kwamba lugha zetu zimehifadhi ushahidi wa mambo hayo. Jambo hili linamhusu mtaalamu wa lugha kwa namna ya pekee, kwa kuwa ndiye anayeombwa kuandika katika kamusi chang'aa ni nini.

1. Kuisoma chupa

Chupa kuukuu haina haja ya karatasi ili itaje umri wake. Kabla ya kuja kwa mashine, kioo kilichoyeyushwa kilipulizwa kwa pumzi ya mtu ndani ya kalibu ya vipande viwili, na mahali vipande vilipokutana paliachwa mshono. Mdomo uliongezwa baadaye kwa mkono, kwa hiyo mshono wa chupa ya namna hiyo hukoma shingoni. Mwaka wa 1903 Mmarekani Michael Owens alitengeneza mashine iliyoifanya kazi yote yenyewe. Tangu mashine za jinsi hiyo zilipoenea, mshono umekuwa ukipanda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa mdomo. Anayetaka kujua chupa yake ni ya zama zipi na apitishe ukucha shingoni.

Kifuniko nacho ni shahidi. Chupa za kale za wiski zilizibwa kwa gome laini la mti, na bila kizibuo hazikufunguka. Mwaka wa 1913 kampuni ya Teacher's ilileta kizibo chenye kichwa ambacho kiliweza kung'olewa kwa vidole, na mwaka wa 1926 kampuni ya White Horse ikaanza kutumia kifuniko cha kuzungusha. Kwa hiyo chupa ya wiski ya Scotland yenye kifuniko cha kuzungusha aghalabu si ya kabla ya miaka hiyo. Umbo pia lina sababu zake. Chupa ya pembe nne ya Johnnie Walker ilianza kutumika katika miaka ya 1860, kwa kuwa chupa za pembe nne hupangika sandukuni bila kuacha nafasi, na huvunjika chache zaidi melini kuliko zile za mviringo. Umbo hilo lilikuwa limekusudiwa safari ya mbali tangu mwanzo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba chupa haikuwa makao ya asili ya wiski. Kwa muda mrefu wiski iliuzwa kutoka katika pipa, na mnunuzi alikuja na mtungi wake. Uingereza ilitoza kodi ya kioo hadi mwaka wa 1845, na kodi hiyo iliifanya chupa kuwa kitu cha gharama. Ni mwaka wa 1861 ndipo sheria iliporuhusu wauzaji wa kawaida kuuza pombe kali kwa chupa moja moja. Hivyo chupa ya wiski tunayoiona leo ilizaliwa na maamuzi mawili ya Bunge: kuondolewa kwa kodi, na kutolewa kwa ruhusa. Marekani ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1964 chupa za pombe kali nchini humo zilichapwa maneno katika kioo chenyewe, ya kukataza chupa hiyo isiuzwe wala isitumiwe tena. Serikali iliogopa kwamba mkenekaji wa siri angetia pombe yake katika chupa ya halali, na woga huo unatuonyesha jinsi chupa ilivyokuwa imekwisha kupewa kazi ya cheti.

2. Maji ya uhai

Neno wiski latoka katika lugha ya Kigaeli ya Scotland na Ireland, ambamo kinywaji hiki kiliitwa uisge beatha, yaani maji ya uhai. Jina hilo ni tafsiri ya jina la Kilatini lililotumiwa na watawa na waganga wa Ulaya. Katika hesabu za hazina ya mfalme wa Scotland za mwaka wa 1494 imeandikwa kwamba mtawa John Cor alipewa kimea ili atengeneze maji hayo. Jina liliposhikwa na wasemaji wa Kiingereza lilikatwa: uhai uliachwa, yakabaki maji peke yake. Anayeagiza wiski leo, kwa maana ya asili ya neno, anaagiza maji. Si ajabu basi kwamba wasemaji wa Kiswahili nao, bila kujua Kigaeli, humsema mlevi kuwa anapiga maji.

Jambo ambalo halitajwi katika matangazo ya wiski ni kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikuwa haramu. Wakulima wa milima ya Scotland waliikeneka mabondeni, mbali na macho ya watoza ushuru. Shayiri ilikuwa yao, moto ulikuwa wa udongo mkavu wa kinamasi, na fedha zilizopatikana zililipa kodi ya shamba. Serikali iliwasaka, ikavunja mitambo yao, na kazi ikaendelea. Hatimaye mwaka wa 1823 Bunge lilibadilisha njia. Leseni iliwekwa kuwa pauni 10 kwa mwaka na ushuru ukapunguzwa sana, hata mkenekaji mdogo akaona kuwa uhalali una faida. Mwaka uliofuata George Smith wa bonde la Glenlivet alichukua leseni. Majirani zake waliokuwa wangali katika magendo walimwona msaliti, wakatishia kukichoma kiwanda chake, naye akawa anatembea na bastola mbili kiunoni. Bonde lile ambalo lilikuwa pango la magendo sasa linatajwa kwa heshima katika hoteli za dunia nzima.

Hata rangi ya wiski ina mkono wa sheria. Inapotoka katika mtambo wiski ni nyeupe kama maji, sawasawa na chang'aa. Rangi yake ya dhahabu huipata kwa kukaa katika mapipa ya mwaloni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza ilipohofia ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ilitunga sheria ya mwaka wa 1915 iliyolazimisha pombe hiyo ikae angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, na mwaka uliofuata muda ukawa miaka 3. Sharti hilo la miaka 3 limebaki hadi leo. Sharti la vita liligeuka kuwa sifa ya kinywaji.

3. Amarwa na kimea cha wimbi

Tukirudi Gusii, tunaanza na neno amarwa, ambalo ni jina la pombe katika Ekegusii. Neno hili ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Wakuria huita pombe amarwa, Wahaya na Wanyankole vilevile, na Wabukusu husema kamalwa. Mwenea huo mpana unaonyesha kwamba pombe ya nafaka iliandamana na wasemaji wa lugha hizi tangu zamani, kabla hawajatengana. Lingine la kuzingatia ni ngeli yake. Katika Ekegusii amarwa huvaa kiambishi ama-, sawa na amache, yaani maji, na amabere, yaani maziwa. Pombe ilihesabiwa miongoni mwa majimaji ya maisha ya kila siku.

Pombe hiyo ilitokana na wimbi, ambalo Wagusii huliita obori. Nafaka ililoweshwa, ikaachwa ichipuke, ikaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Wakati wa kuchipua, mbegu hutoa vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayochachuka na kuwa kileo. Mkulima wa Scotland aliyelowesha shayiri na mwanamke wa Gusii aliyelowesha wimbi walikuwa wanafanya jambo lile lile, kila mmoja kwa nafaka ya nchi yake. Baadaye mahindi yalipoenea, unga wake uliochachushwa na kukaangwa ulichanganywa na kimea cha wimbi kupata busaa. Amarwa ilinyweka kwa mirija kutoka katika chungu kimoja kilichozungukwa na wazee. Upikaji ulikuwa kazi ya wanawake. Kuketi chunguni kulikuwa na taratibu za umri na ujamaa. Pombe ya namna hii haidumu. Baada ya siku chache huwa chungu na kuharibika, kwa hiyo haikuweza kulimbikizwa wala kupelekwa soko la mbali, na haikuhitaji chupa.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya kweli kati ya kuchachusha na kukeneka. Pombe iliyokenekwa haiozi. Yaweza kuwekwa, kupimwa, kufichwa, kubebwa na kuuzwa kidogo kidogo. Chungu cha pamoja huitisha watu wakae. Chupa humruhusu mtu mmoja aondoke nayo.

4. Chupa tupu ya Bosongo

Waingereza walianzisha kituo chao cha utawala katika nchi hii mwaka wa 1907, na Wagusii wakapaita mahali hapo Bosongo, yaani kwa Wazungu, kutokana na neno omosongo, Mzungu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa kituo, G. A. S. Northcote, na adhabu iliyofuata iliwaangukia wengi. Mwezi Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yaliuteka mji kwa muda mfupi. Maafisa walipokwisha kukimbia, wananchi waliingia madukani na katika nyumba zilizoachwa wakachukua walichokikuta, na serikali iliporudi ikawatoza mifugo. Mji ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na maafisa, wamisheni na maduka, na hao ndio walioleta chupa.

Kilichokuwa ndani ya chupa hakikuruhusiwa kwa Mgusii. Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 uliweka eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, chini ya masharti ya kuzuia pombe kali, lakini ukaacha mlango kwa ajili ya matumizi ya wageni. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka wa 1919 ulikaza zaidi: ukakataza utengenezaji wa pombe za kukenekwa katika maeneo hayo, huku ukiendelea kuruhusu uingizaji wa kiasi kwa watu wasio wenyeji. Sheria za koloni la Kenya zilifuata mkondo huo hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo Mwafrika alizibiwa njia mbili kwa pamoja. Asinywe wiski iliyotoka ng'ambo, wala asikeneke ya kwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda. Hatukani kwamba pombe za biashara zilikuwa zimeleta madhara makubwa katika pwani ya magharibi ya Afrika. Lakini ulinzi uliompima mtu kwa rangi yake, huku afisa akiketi barazani na bilauri mkononi, ulifundisha somo jingine kabisa: kwamba wiski ni heshima.

Matokeo yake ni kwamba chupa ilimfikia Mgusii ikiwa tupu. Hata hivyo haikutupwa. Kioo kilikuwa na sifa ambazo chungu na kibuyu havikuwa nazo: hakinywi mafuta, hakitoi harufu, huoshwa kikatakata, na mtu huona kiasi kilichobaki. Mafuta ya taa, samli, asali na dawa vilipata nyumba mpya. Tena chupa ikawa kipimo. Mtu alinunua chupa ya mafuta au nusu chupa, na muuzaji na mnunuzi wote walijua ni kiasi gani, kwa kuwa viwanda vya mbali vilikuwa vimekwisha kukubaliana juu ya ukubwa wake. Katika Kiswahili neno chupa limezama hata katika lugha ya uzazi, ambamo chupa ya mama hupasuka mtoto anapokaribia kutoka. Chombo kilichokatazwa Amerika kisitumiwe mara ya pili kilikuwa, katika vijiji vya Gusii, na thamani kwa sababu kiliweza kutumiwa mara mia.

5. Jasho, moshi na machozi

Ufundi wa kukeneka haukuwa sehemu ya utamaduni wa kale wa Wagusii. Katika bara la Kenya na Uganda ulienezwa hasa na askari wa asili ya Sudan waliotumikia majeshi ya Waingereza, ambao tunawaita Wanubi. Baada ya utumishi walikaa Kibera, Kibos, Eldama Ravine na penginepo, na mji wa Kisii nao una mtaa uitwao Nubia. Pombe yao ilijulikana kote kama jini ya Wanubi.

Majina ya pombe hizi yanastahili kuchunguzwa. Kiarabu kina neno araq, lenye maana ya jasho, na jina la kinywaji, araki, limetokana nalo: mvuke unapogusa ubaridi hutoka matone kama jasho usoni. Nchini Uganda kinywaji hicho huitwa waragi. Wengi husimulia kwamba waragi ni jini ya vita, kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, war na gin. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, lakini hayastahimili uchunguzi wa sauti. Gin ya Kiingereza huanza kwa sauti ya j, na lugha zetu zilipoichukua zilisema jini. Haielekei neno hilo hilo ligeuke kuwa gi na kupoteza n yake bila sababu. Kwa upande mwingine, Kiarabu cha Sudan hutamka qaf kama g, na ndiyo maana Wasudani husema aragi. Yaliyobaki ni w ya mwanzo, ambayo inaelekea kuwa imejaza pengo la ain, sauti isiyokuwamo katika lugha zilizolipokea neno. Ushahidi wa sauti na ushahidi wa historia ya Wanubi unakwenda njia moja.

Tanganyika ilikuwa na jina moshi, na tena gongo, yaani rungu. Wenye mzaha wameiita machozi ya simba. Tukiyaweka majina haya pamoja na lile la Kigaeli tunapata orodha yenye kufikirisha: maji, jasho, moshi, machozi. Watu wa nchi nyingi, bila kushauriana, wameuona muujiza ule ule wa mvuke unaogeuka tone. Gongo peke yake limetajwa kwa athari yake kichwani.

Kenya ilishika jina chang'aa, na mchanganyiko unaochachuka kabla ya kukenekwa unaitwa kangara. Mtambo wa kijijini ni rahisi. Kangara huwekwa katika chungu kikubwa au pipa juu ya moto. Ndani yake chombo kidogo huning'inizwa. Juu hufunikwa kwa sufuria au karai la maji baridi, na maungio huzibwa kwa udongo. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100. Huku juu, ambako mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka hata kabla ya nyuzi 95. Mvuke wenye kileo kingi hutangulia, hugusa kitako cha karai, hupoa na kudondoka katika chombo cha ndani. Mtambo wa shaba wa Scotland una shingo ndefu na mrija uliozungushwa ndani ya pipa la maji baridi, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Wimbi lilianza kuachia nafasi sukari, sukari nguru na molasi, hasa miwa ilipokuwa zao kubwa la biashara katika nchi jirani. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kisarufi, jina la chang'aa halikuvaa ile ama- ya amarwa. Kama egari, esukuri na maneno mengine mageni, lilibaki nje ya kundi la maji, maziwa na pombe ya wazee. Lugha ilitambua kwamba mgeni amefika.

6. Sheria na chupa

Uhuru haukuifungua njia ya mkenekaji mdogo mara moja. Vizuizi vya rangi vilikuwa vimekwisha kuondoka, na Mwafrika mwenye fedha aliweza kununua wiski ya ng'ambo. Aliyekosa fedha alibaki na kangara. Mwaka wa 1980 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, na kwa hiyo neno la vijijini likaingia katika jina la sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza. Si mara nyingi neno la vilinge vya pombe hupata cheo hicho, na lilikipata ili lishtakiwe. Kwa miaka 30 iliyofuata, kupika, kuuza, kunywa au hata kuwa na chang'aa kulikuwa kosa.

Mzigo wa sheria hiyo uliwaelemea zaidi wanawake. Katika nchi yenye watu wengi na mashamba madogo, ambako chai na ndizi havitoshi kila nyumba, chang'aa ililipa karo za shule. Mama aliyeketi mahakamani kwa kosa la kuuza chang'aa mara nyingi alikuwa na mwana darasani kwa fedha hizo hizo. Upande wa pili nao usisahauliwe. Makanisa, na hasa Waadventista waliojikita Nyanchwa tangu miaka ya 1910, yalikuwa yakiwaonya watu dhidi ya kila kileo, na nyumba nyingi za Gusii zilikuwa na sababu ya kuyasikiliza. Ulevi umevunja ndoa na kumaliza mashamba. Anayeitetea chang'aa kwa kuutazama umaskini wa mpikaji hana budi kuutazama pia umaskini wa nyumba ya mnywaji.

Hatari kubwa zaidi ilitoka katika giza lenyewe. Mnamo Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua. Nafaka inapochachuka huzaa methanoli kidogo mno. Kiasi cha kuua umati hutiwa na mkono wa mtu anayetafuta faida. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa siku hizi hangoji sifa, na akitiacho si maji.

Mwaka wa 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka. Sheria hiyo iliifuta ile ya mwaka wa 1980. Chang'aa ikawa halali, lakini kwa masharti: itengenezwe kwa leseni na kwa viwango, iwe na onyo la afya, tena pombe kali itiwe katika chupa za kioo zisizopungua mililita 250. Vifuko vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ya chini vilipigwa marufuku. Hapo chupa ilirudi tena mbele ya sheria. Ile iliyoingia Gusii ikiwa imebeba kinywaji kilichokatazwa kwa wenyeji, kisha ikawa chombo cha mafuta, sasa iliwekwa kuwa mlango ambao chang'aa sharti iupitie ili itambuliwe.

Kwa mama wa kijijini mlango huo ni mwembamba. Leseni, maabara, lebo na chupa mpya hugharimu kuliko mtaji wake wote, na pombe anayoipika bila leseni ingali kosa. Scotland ya mwaka wa 1823 ilipunguza gharama ya uhalali hata mkulima kama Smith akaimudu. Uganda ya miaka ya 1960 ilijaribu njia nyingine: wapikaji wadogo walipewa leseni za kupika enguli na kuiuza kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuitia katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Tanzania nayo ilianza kutengeneza Konyagi kiwandani mwaka wa 1970, huku gongo likibaki haramu. Kenya ilihalalisha jina na kumwacha mpikaji nje.

Hitimisho

Tumeona kwamba wiski na chang'aa ni watoto wa kazi moja. Zote mbili zilianza na kimea, zote zilisakwa na serikali, na zote hutoka katika mtambo zikiwa nyeupe. Kilichozitenganisha ni mfuatano wa maamuzi ya kisheria: kodi ya kioo iliyofutwa mwaka wa 1845, leseni ya mwaka wa 1823, sharti la pipa la mwaka wa 1915, mikataba ya mwaka wa 1890 na 1919, katazo la mwaka wa 1980 na ruhusa ya mwaka wa 2010. Chupa ipo katikati ya maamuzi hayo kama muhuri.

Kwa mtunga kamusi mambo haya yana uzito. Kuifafanua chang'aa kuwa pombe haramu kulikuwa kweli nchini Kenya kati ya mwaka wa 1980 na 2010, lakini hiyo ilikuwa habari ya sheria, haikuwa maana ya neno. Hakuna kamusi inayoifafanua wiski kuwa pombe ya magendo iliyosamehewa. Twapendekeza kwamba fasili ya chang'aa ianze na kitu chenyewe, yaani pombe kali ipatikanayo kwa kukeneka kangara ya nafaka, sukari au molasi, na kwamba hali yake mbele ya sheria itajwe pamoja na nchi na mwaka. Tena pombe zilizotiwa methanoli zisiwekwe chini ya jina hilo. Sumu ikipewa jina la kinywaji, hakimu hulihukumu jina, na mnywaji, ambaye amelizoea jina, huiamini sumu.